Vijana Wakiondoka Baada ya Kipaimara: Njia Tatu za Kuchagua kwa Parokia za Kianglikana za Tanga

Kila mwaka wa kipaimara hali ni ile ile. Askofu ameweka mikono, mabinti wamevaa nyeupe, picha zimepigwa chini ya mwembe na pilau imeliwa ikaisha. Jumapili inayofuata mabenchi ya mbele yamejaa. Kwaresima ikifika, vijana wale wale unawatafuta kwa tochi. Hawajafika mbali, wengine wapo mtaa huo huo, ila Jumapili asubuhi wako kwa walokole, wako kijiweni, au wamelala.

Halmashauri ya parokia ikikaa kulizungumza, mara nyingi hutoka hoja tatu. Wazee wanataka Misa ibaki kama tulivyoipokea, ila ifundishwe vizuri zaidi. Vijana wa TAYO, chama cha vijana wa Kianglikana Tanzania, wanaomba ibada yao, yenye kinanda, ngoma na sifa. Upande wa tatu, na hapo husikika zaidi sauti za akina mama, unasema shida imeanzia nyumbani, kwa hiyo turudishe sala za nyumba kwa nyumba. Parokia nyingi za kwetu hazina pesa wala watu wa kufanya yote matatu kwa mpigo. Haya nimemwandikia aliyekaa kwenye kikao cha namna hiyo na hajui aunge mkono lipi.

Kwanza, kanisa hupunguaje?

Wenzetu wa Uingereza, walikotoka wamisionari waliotuletea Misa, wametutangulia katika jambo hili, na takwimu zao zinasomeka wazi. Katika utafiti wa maoni ya wananchi wa huko, mwaka 1983 watu 40 kwa kila 100 walijitaja kuwa Waanglikana. Mwaka 2018 walikuwa 12. Ukiwagawa kwa umri ndipo unaposhtuka: kati ya wenye miaka 75 na kuendelea walikuwa 33 kwa 100, na kati ya wenye miaka 18 hadi 24 alikuwa mmoja. Idadi ya wanaosali kwa wiki ilikuwa kama 854,000 mwaka 2019. Korona ikaishusha sana, na hata baada ya kupanda tena kidogo kidogo, mwaka 2024 ilikuwa imefika kama 700,000 tu.

Linalotuhusu zaidi ni jinsi ilivyotokea. Mtafiti David Voas, aliyelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi, aligundua kwamba watu wazima wa Uingereza hawakuacha kanisa kwa wingi wakiwa ukubwani. Kila kizazi kilianza maisha kikiwa na dini pungufu kuliko wazazi wake, kikabaki hapo hapo mpaka uzeeni. Wazazi wote wawili wakiwa na dini, uwezekano wa mtoto kuirithi ulikuwa kama nusu kwa nusu. Akiwa nayo mzazi mmoja tu, ulishuka ukawa nusu ya hapo. Wasio na dini kabisa waliwarithisha watoto wao hali hiyo karibu wote. Maana yake ni kwamba makanisa yaliyoonekana yamejaa yalikuwa yameshawapoteza watoto sebuleni, miaka mingi kabla mabenchi hayajawa matupu.

Tanga si Uingereza. Kijana wa Muheza au Korogwe akiacha Misa haachi kumtaja Mungu. Anahamia kanisa la jirani, au anabaki Mkristo wa jina anayeonekana Krismasi na kwenye msiba. Hata hivyo mlango anaopitia ni ule ule: alipokea jina la dhehebu kwa wazazi, hakupokea sababu.

Kabla ya kupiga kura yoyote, parokia ijue vijana wake wanakatikia wapi. Sensa ya taifa haitasaidia, kwa kuwa tangu ile ya 1967 haiulizi dini. Tulicho nacho ni daftari la ubatizo. Chukueni mwaka mmoja, tuseme 2005, msome majina mstari kwa mstari, na pembeni ya kila jina muandike: alipata kipaimara? Bado anashiriki? Amehama mji? Amehama dhehebu? Kazi hii wapeni akina mama wa Umoja wa Akina Mama. Padre anaweza kuwa mgeni, lakini wao wanamjua kila mtoto kwa jina la mama yake, na jioni moja inawatosha kujaza ukurasa mzima. Majina yakikatika kabla ya kipaimara, hilo ni tatizo la aina moja. Yakikatika baada ya kidato cha nne, ni la aina nyingine.

Vipimo vitakavyotumika

Kila njia nitaipima kwa maswali yale yale. Inamshika nani, na wa umri gani? Inadai nini katika pesa na watu? Waliopo sasa itawafanya nini? Na kijana akihama Tanga, inahama naye? Hili la mwisho wengi hulisahau, na kwangu ndilo zito kuliko yote, kwa sababu watoto wetu wanaondoka. Wanakwenda bweni, chuo, Dar es Salaam, Arusha. Parokia ya Tanga inalea Wakristo ambao watasali kwingine.

Njia ya kwanza: Misa kama tulivyoipokea, ila ifundishwe

Misa yetu ina ubani, kengele, kuungama na kupiga goti kwa sababu tulilelewa na UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza iliyoanzishwa baada ya Livingstone kuzungumza Cambridge mwaka 1857. Walifika Magila miaka ya 1860, na kutoka hapo Ubondei na nchi jirani zikapata makanisa, shule na hospitali. Urithi huu si mapambo. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, aliyeongoza tangu 1908 hadi 1924, aligombana hadharani na maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda mwaka 1913 baada ya ibada ya pamoja na madhehebu mengine kule Kikuyu. Na ni yeye aliyewaambia watu wa London mwaka 1923 kwamba hawawezi kumwabudu Yesu altareni huku wakimpita kwenye vibanda vya maskini. Wanaotetea Misa wakumbuke sehemu zote mbili za mtu huyo.

*Inamshika nani.* Inamshika mtoto aliyepewa kazi. Mwangalie mvulana wa miaka kumi anayefundishwa kushika chetezo: ashike mnyororo usigonge, aongeze ubani kidogo kidogo makaa yasizimike, ajue kengele inalia wapi bila kutazama kitabu. Mtoto huyo anaijua Misa kwa mikono yake, na wengi wa namna hiyo hawapotei kirahisi. Shida ni kwamba altare ina nafasi ya wachache. Waliobaki wanakaa wakisikiliza maneno yale yale kila wiki, na wakiuliza kwa nini tunafanya hivi, wanajibiwa kwamba ndivyo tulivyokuta. Jibu hilo limetupotezea vijana wengi. Na penye desturi ya kuwaachia wavulana peke yao utumishi wa altare, parokia imeamua bila kujua kwamba nusu ya watoto watabaki watazamaji.

*Inadai nini.* Pesa kidogo sana, kwa kuwa vyombo vipo. Inachodai ni padre, na padre ndiye adimu. Kwenye mitaa ya vijijini anafika mara moja kwa mwezi, na Jumapili nyingine katekista anaongoza sala bila Ushirika Mtakatifu. Kule, kusema tutawashika vijana kwa Misa ni kuwashika kwa kitu ambacho kwa wiki tatu hakipo. Inadai pia mwalimu wa mafundisho anayejua kueleza, maana kukaririsha maswali na majibu hakutoshi.

*Waliopo.* Hawa watafurahi, na furaha yao ina uzito: ndio wanaotoa zaka na ndio wanaofagia kanisa.

*Ikihama.* Dar es Salaam ilikuwa pamoja nasi chini ya dayosisi ya Zanzibar mpaka 1965, kwa hiyo kijana akihamia huko atakuta mambo mengi anayoyafahamu. Akienda Dodoma, walikotangulia wamisionari wa CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, atakuta ibada ya kawaida isiyo na ubani, na anaweza kudhani ameingia kanisa lisilo lake. Bweni ndiko kugumu zaidi. Sekondari nyingi Mwanglikana anasali na UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, pamoja na Walutheri na Wamoraviani, na Misa hakuna. Asiyejua sababu ya Misa hataikumbuka kwa miaka minne au sita ya bweni.

Wapo watakaosema Misa ya kale imepitwa na wakati. Huko Uingereza kwenyewe, wakati parokia zinapungua miaka ya 2000, makanisa makuu yenye kwaya na ibada za kale yalikuwa yanapata watu zaidi. Lakini kwaya zile hufanya mazoezi karibu kila siku. Kilichowavuta watu kilikuwa kitu cha kale kilichofanywa kwa bidii.

Njia ya pili: ibada ya vijana

*Inamshika nani.* Inawashika wa miaka 15 hadi 25, na hao ndio wengi tunaowaona wakiondoka. Faida yake kubwa, kubwa kuliko muziki, ni kwamba kijana anaongoza. Anahubiri akiwa na miaka 19, anapanga ratiba, anashika hesabu ya sadaka. Kwenye ibada ya kawaida atasubiri mpaka aote mvi.

*Inadai nini.* Kinanda, spika, kipaza sauti na fundi wa kuvitengeneza. Inadai pia saa. Ikiwekwa alasiri, vijana wa bodaboda na wa biashara ndogo hawatakuja, kwa kuwa wanatafuta riziki. Ikiwekwa asubuhi, inagongana na Misa. Na Ngamiani nyumba zimeshikana, majirani wengi ni Waislamu, kwa hiyo sauti izingatiwe: kupiga spika mpaka usiku kunaharibu ujirani uliojengwa na mababu. Kuliko vyote inadai padre akae nao. Ibada ya vijana iliyoachwa yenyewe hugeuka tamasha, au huangukia mikononi mwa mhubiri wa pembeni ambaye mwisho wa siku anaondoka nao wote.

*Waliopo.* Hapa pana maumivu. Mzee aliyefundishwa kunyamaza mbele ya Sakramenti akikuta ngoma mahali hapo anaumia kweli, wala si ukaidi. Uamsho wa kiroho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulipita sana upande wa CMS, kama Uganda na Dodoma. Kule, ushuhuda na nyimbo za wokovu ni mambo ya babu zao. Upande wetu ulipita kwa mbali, ndiyo maana kinachoonekana cha kawaida Dodoma kinaonekana cha kuazima Muheza.

*Ikihama.* Inahama vizuri kuliko njia zote. Kijana aliyeizoea akifika UKWATA, au USCF, umoja kama huo wa vyuoni, yuko nyumbani siku ya kwanza. Tatizo lake ni kwamba hana kinachomtofautisha na wengine. Kama kilichomleta ni sifa, atakwenda penye sifa bora, na bajeti ya kinanda ya kanisa kubwa la kipentekoste hatuwezi kushindana nayo.

Swali ambalo watetezi wa njia hii hulikwepa: akioa je? Mwenye miaka 28 na mtoto mgongoni, ibada ya vijana haimfai tena, na Misa hajaizoea. Parokia inayoanzisha ibada hii iandike tangu siku ya kwanza daraja la kurudi. Kwa mfano, mara moja kwa mwezi vijana ndio waendeshe Misa kuu nzima, wasome masomo, waimbe, wabebe sadaka.

Njia ya tatu: sala za nyumba kwa nyumba

*Inamshika nani.* Inamshika mtoto wa miaka 5 hadi 14, na inamshika akiwa na wazazi wake. Ukiusoma utafiti wa Voas kwa makini, hii ndiyo inayogusa mahali penyewe palipovunjika. Waingereza wenyewe waliligundua hilo kwa kuchelewa: mwaka 2004 parokia moja karibu na Portsmouth ilianza kuwakutanisha wazazi na watoto pamoja, wafanye kazi za mikono, wasali na kula, na mtindo huo ukaenea nchi nyingi.

Kwetu inaonekana hivi. Jumamosi jioni mkeka umetandikwa uani, familia nne au tano za barabara moja zimekaa. Msichana wa darasa la tano anasoma Injili ya kesho, anakwama kwenye neno, mama mwenye nyumba anamsaidia. Kisha mtoto mwingine anauliza, kwa nini Yesu aliulaani mti ambao haukuwa msimu wake wa kuzaa? Baba aliyezoea kukaa kimya kanisani anatazamwa na wote. Hapo ndipo imani inaporithishwa au inapokwama, na hakuna padre wa kumwokoa.

*Inadai nini.* Pesa karibu hakuna, ila mkubaliane tangu mwanzo kwamba mwenyeji anatoa chai tu. Bila sharti hilo mwenye nyumba wa kwanza ataleta chapati, wa pili kuku, wa tatu atajificha. Inadai wazazi wafundishwe kwanza, maana wengi wao pia walikaririshwa. Katekista aandae swali moja na jibu lake kwa kila wiki. Na hapa sitaficha hofu yangu: jumuiya nyingi huanza na Injili zikaishia kwenye michango. Daftari la michango likishaingia, maskini hutoka, na watoto wao hutoka nao. Michango ishughulikiwe siku nyingine na mahali pengine.

*Waliopo.* Haimkwazi mtu. Bibi na babu wanapata kazi ambayo Misa haiwapi, ya kusimulia. Wenye taabu ni akina baba wa zamu kiwandani na bandarini, na wale ambao ndoa zao hazijabarikiwa, ambao huona aibu kupokea wageni wa kanisa. Hao wafuatwe kwa upole, wasiachwe wa mwisho kwenye ratiba.

Familia za dini mbili zinahitaji maneno yao. Pwani hii ni za kawaida, na mzazi Mwislamu asishtukizwe kwa sala uani kwake. Aombwe ruhusa kwa heshima, au mtoto apelekwe nyumba ya walezi wake wa ubatizo. Walezi hao tunawachagua kwa sherehe, kisha tunawasahau, na hapa wana kazi halisi.

*Ikihama.* Mtoto aliyezoea kusali na kuuliza nyumbani anaweza kusali bweni, Dodoma, popote. Lakini huenda akasali vizuri huku akikosa mapenzi na Kanisa Anglikana lenyewe, kwa kuwa alilizoea zaidi mkekani. Pia njia hii ni ya polepole mno. Kwa mwaka wa kwanza na wa pili mabenchi hayataonyesha tofauti, na halmashauri inayotaka matokeo ya haraka itaichoka.

Kwa hali yako

Kama daftari linaonyesha majina yanakatika kabla ya kipaimara, au watoto wanabatizwa kisha hawaonekani tena, anzeni na nyumba. Ibada ya vijana haiwezi kumshika asiyewahi kufika.

Kama mpo mtaa wa kijijini unaoonana na padre mara moja kwa mwezi, njia ya tatu ndiyo inayowezekana kwa wiki tatu zilizobaki, na siku padre anapofika Misa ifanywe kuwa kubwa: watoto wote wawe na kazi, maswali yaliyokusanywa majumbani yajibiwe kwenye mahubiri.

Kama mpo mjini, Chumbageni au Makorora, mna vijana wengi wa kidato cha tano na sita na wa vyuo, na mnaye padre au shemasi anayeweza kukaa nao kila wiki, ibada ya vijana inaweza kuwafaa, pamoja na lile daraja la kurudi Misani. Msipokuwa na mtu wa kukaa nao, subirini mpaka apatikane.

Kama mna kwaya hai, watumishi wa altare wengi na mwalimu mzuri wa mafundisho, msivunje mlichonacho kwa sababu parokia ya jirani imenunua kinanda. Wekeni nguvu kwenye miaka miwili inayofuata kipaimara: kila aliyewekewa mikono apewe kazi yenye jina lake kwenye ratiba, msichana kwa mvulana, kabla nguo nyeupe hazijarudishwa kabatini.

Na kama mzazi unayesoma haya huna halmashauri ya kukusikiliza, unaweza kuanza leo na mtoto wako mmoja na Injili ya Jumapili ijayo. Kama yuko bweni, muulize kiongozi wake wa UKWATA ni nani, upate namba yake, na likizo ikifika mpeleke mtoto kwa padre amsalimie kwa jina.